Mto Usiomo Katika Ramani ya Shule

Kila ninayekutana naye, kisimani, kanisani, hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga, swali lake ni lile lile: Mwalimu, ulikwenda Ngara kufanya nini, na yule bibi uliyerudi naye ni nani? Nimesimulia vipande vipande mpaka kila mtu amebaki na kipande chake na amekishona anavyotaka. Wako wanaosema nilikwenda kuchukua kiwanja. Wako wanaosema nimeoa mke wa pili, na bibi mwenyewe hana meno ya mbele! Basi naandika yote mara moja. Habari za vibali na mihuri nimeziacha, maana zilinichosha mimi na zitawachosha ninyi.

Kaniha: Mama anatoa maagizo

Wengi mnajua kwamba sisi si wa hapa tangu asili. Mama yangu, Anastazia, alivuka kutoka Burundi akiwa na baba yangu Domisiani, mimi nikiwa mgongoni. Wasichojua wengi ni kwamba nilikuwa na dada. Aliitwa Inosensia. Siku ya kukimbia alikuwa na surua, mwili unawaka, na Mama aliogopa kwamba akipigwa na baridi ya mtoni atakufa. Akamwacha kwa Karorina, mke wa kaka yake Baba, wakakubaliana kwamba homa ikishuka watafuata. Hawakufuata. Baba akafa kabla sijaanza shule, na tangu hapo kila jioni, tukimaliza rozari, Mama huongeza sala moja ya peke yake kwa ajili ya Inosensia. Hajui aombe uzima wake au pumziko la roho yake, kwa hiyo huomba yote mawili.

Mwaka huu wa wakimbizi, ambao hata sisi wakimbizi wa zamani tulijiona wenyeji, mnunuzi mmoja wa mihogo alileta habari sokoni. Alisema kuna mwanamke huko Ngara aitwaye Karorina, amevuka na wenzake, anaulizia watu wa Domisiani. Mama aliposikia aliacha mihogo chini, akaja shuleni, akasimama mlangoni mwa darasa. Hajawahi kufanya hivyo.

"Nenda," alisema. "Kamuulize mtoto yuko wapi."

"Nimtafute upande gani, Mama? Ngara ni kubwa."

"Kule tulikovukia. Nyakwoga."

Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanza, na mkinicheka mtakuwa na haki. Mto huo Nyakwoga nimeusikia tangu nikiwa mtoto, lakini sijauona kwenye ramani yoyote. Nikimuuliza Mama ni mto gani, jibu lake lilikuwa moja: "Mto. Mto mkubwa wa mpakani." Sasa mto mkubwa wa mpakani ni upi, kama si Kagera? Ndio ninaoufundisha kila mwaka. Ruvubu unatoka Burundi, Nyabarongo unatoka Rwanda, inakutana juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo, hapo unazaliwa Kagera. Unakwenda kaskazini ukigawa nchi na nchi, unakata kona kuelekea mashariki, unaingia Ziwa Viktoria, na kutoka ziwani maji yanashika njia ya Mto Naili hadi Misri. Mkoa wetu mzima umechukua jina lake. Kisha mwaka huu mzima neno Rusumo lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Nikaamua kwamba Nyakwoga ni Kagera kwa lugha ya kina mama wa kwetu. Nikakunja ramani ya shule, nikaitia kwapani, nikaondoka kama mtu anayejua aendako.

Lusahunga: kungoja askari

Mnajua porini siku hizi hapapitiki bila gari la askari kutangulia. Tulifika Lusahunga asubuhi tukaambiwa askari wanakuja. Mchana tukaambiwa wameshafika, ila wanakula. Baadaye ikaonekana waliokuwa wanakula ni askari wengine kabisa, wanaokwenda Biharamulo, na wetu bado hawajulikani walipo. Mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi alifaidi siku hiyo. Mihogo ilipoisha alianza kutuuzia ya kesho.

Karibu yangu alikaa mchuuzi wa samaki wakavu kutoka ziwani, mtu wa Kisukuma, mcheshi kwa sura lakini siku hiyo amenuna. Matenga yake yalikuwa yamejaa. Nikamuuliza kwa nini hakuyauza Biharamulo.

"Watu hawali samaki mwaka huu, Mwalimu."

"Kwa nini?"

Alinitazama, akaitazama ramani yangu. "Si unafundisha mto? Mto umebeba nini mwaka huu, hujui?"

Nilijua. Sote tulisikia habari za maiti kutoka Rwanda. Lakini nilikuwa nimesikia kama mtu asikiavyo habari za redio, na katika kichwa changu mto ulikuwa bado ule mstari wa chaki ya buluu. Yule mchuuzi akanipa samaki mmoja bure, nikamshukuru, nikamshika mkononi mpaka tulipoondoka. Sikumla. Mpaka leo sijui kama nilimkosea.

Kasulo: foleni yangu

Tulivuka pori juu ya lori la mahindi ya msaada, mimi na wengine kumi na kitu, vumbi hadi kwenye kope. Kasulo niliyoijua kwa jina ilikuwa vijiji na mashamba. Niliyoiona ilikuwa milima imevaa maturubai ya buluu mpaka macho yalipokomea, na moshi, na watu. Sitajaribu kusema walikuwa wangapi. Nilishuka nikasimama tu, maana sikujua mguu gani utangulie.

Nikaona nianze kuuliza. Nikakaa chini pembeni ya njia, nikakunjua ramani mbele ya mzee mmoja wa Kinyarwanda aliyevaa koti na kofia, mwenye heshima zake. Nikamwamkia, nikamwonyesha kidole pale mito inapokutana. "Mzee wangu, mahali panapoitwa Nyakwoga ni wapi?"

Mzee akaitazama ramani kwa muda mrefu. Kabla hajajibu, mama mwenye mtoto akaja akasimama nyuma yake. Nyuma ya mama akaja kijana. Nilipoinua kichwa foleni ilikuwa imefika kwenye mti, kimya, imenyooka vizuri kuliko ya wanafunzi wangu. Mtu aliyekaa na ramani mahali pale alikuwa mtu wa kugawa kitu, na mgawo ukianza haumsubiri anayeuliza.

"Mimi ni mwalimu tu," niliwaambia. "Namtafuta mama yangu mkubwa."

Habari ikapita nyuma, na huko ilikopita ikageuka. Mwisho wa foleni walisikia kwamba nagawa walimu, wakaanza kuita watoto. Nikakunja ramani haraka, watu wakaona mgawo umefungwa, wakaguna. Yule mzee peke yake hakuondoka.

"Nyakwoga siujui," alisema. "Sisi tulivuka Akagera, pale darajani. Uliza darajani."

Jioni familia yake ilinikaribisha ugali wa mahindi ya njano na maharage. Ulikuwa mgumu, hauna ladha ya nyumbani, na walinipa fungu ambalo nina hakika lilikuwa la mtu. Nilipotaka kukataa, mzee alinikatalia mimi kukataa. Nilikula nimeinamisha kichwa.

Rusumo: darajani

Sauti ya maporomoko niliisikia kabla sijayaona. Miaka yote nimechora pale ubaoni kwa chaki, mshale mmoja, na neno moja pembeni. Kumbe ni maji ya rangi ya udongo yanayojitupa kati ya mawe, na ukungu unaokulowesha uso. Nilisimama nikajisomea kimoyomoyo somo langu lote, umuhimu wa Mto Kagera kwa taifa: mpaka, uvuvi, kilimo, umeme utakaokuja. Kila neno lilikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofanana na nilichokuwa nakitazama. Niliogopa, nasema wazi.

Nikamkabili askari wa darajani. "Afande, Nyakwoga ni hapa?"

"Mpaka umefungwa."

"Sitaki kuvuka. Nataka kujua kama ni hapa."

"Ni hapa, lakini umefungwa."

Nikafurahi! Nikadhani nimefika. Nikakaa siku nzima nikimuulizia Karorina kwa kila mwanamke niliyemwona, mpaka muuza ndizi mmoja akanihurumia. Aliniuliza kama huyo ninayemtafuta ni Mnyarwanda. Nikasema hapana, Mrundi. Akapiga kofi.

"Warundi unawatafuta huku? Panda Ngara mjini, mwanangu. Wao wana mto wao."

Wana mto wao. Mimi niliyebeba ramani yenye mito miwili nilikuwa nimeshikilia mmoja kwa ukaidi kwa sababu ndio wenye jina la mkoa. Ruvubu nao ni mkubwa. Nao ni wa mpakani, sehemu fulani. Lakini kama Mama alivuka Ruvubu, mbona hakusema Ruvubu? Jina hilo si gumu, hata watoto wa darasa la nne wanaliweza. Niliondoka darajani nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuja.

Ngara: kwa Mzee Leonsi

Njia ya kupanda Ngara niliimaliza kwa miguu, na sehemu ya mwisho niliimaliza na Mzee Leonsi, Mhangaza, mkulima, Mkatoliki wa tangu babu yake. Nilimkuta anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikashika nyuma nikawa nasukuma naye. Tulipofika kileleni nilikuwa tayari mgeni wake. Bila kuniuliza kama nina mahali pa kulala, alimwita mkewe: "Mama, kuna mwarimu hapa, amechoka vibaya."

Tulikula ndizi na maharage, kisha kikaletwa kibuyu cha pombe ya ndizi na mrija mmoja. Huko mrija unazunguka, na kuufuta kabla ya kunywa ni kumtukana mwenzio. Nilikuwa na mafua. Nikaogopa kumwambukiza mzee, nikapitisha mrija bila kunywa. Akaona nimemkataa. Nikaeleza habari ya mafua. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mafua ni ya wote, mwarimu. Kunywa."

Nikanywa, nikamweleza shida yangu. Alisikiliza vizuri, akafikiri, akaniambia kwa uhakika mkubwa kwamba Nyakwoga uko Kibondo. Mkewe akasema hapana, ni kijito kilichokauka zamani. Wakabishana wao kwa wao kwa Kihangaza mpaka pombe ikaisha. Niliwaza Mama aliyesimama mlangoni mwa darasa, na jinsi nitakavyomrudia mikono mitupu. Wakati huo niliamini kabisa kwamba mto huo haupo, kwamba Mama aliuota.

Bondeni

Kesho yake Mzee Leonsi aliniomba nimsindikize kwenye shamba lake la bondeni, karibu na Ruvubu. Alikuwa na wanawake wa Kirundi wanaomsaidia kulima, naye huwapa ndizi na maharage. Nilikubali kwa adabu tu. Moyoni nilikuwa nimeshapanga kurudi Kaniha.

Tulifika ukungu unainuka. Mto ulikuwa umetulia, mpana, mafunjo pande zote, na ng'ambo milima imepangana. Tofauti kabisa na Rusumo. Wanawake walikuwa wameinama na majembe. Msichana mmoja akachukua dumu kwenda kuteka maji, na bibi mmoja akanyanyua kichwa akamfokea kwa Kirundi: "Usiingie ndani! Nyakwoga umejaa leo!"

Niliacha jembe nililombebea mzee likaanguka, nusura linikate kidole.

Nilimwendea. Nikaamkia, nikauliza, pengine kwa haraka mno: "Bibi, mto huu unaitwaje?"

Akainama akaendelea kulima. "Unaujua mwenyewe."

"Naujua kwa jina la shule. Wewe umeuita jina jingine. Nani amekufundisha?"

Akageuza uso kando kabisa. Wenzake wakaacha kulima wakanitazama kwa macho mabaya, kama nimemvunjia heshima. Mzee Leonsi naye akanivuta mkono. Nikaona hapo nimeharibu, nikasema neno la mwisho nililokuwa nalo.

"Mama yangu naye anauita Nyakwoga. Wa Kaniha, Biharamulo. Anaitwa Anastazia."

Bibi akasimama taratibu, akaegemea jembe. "Anastazia wa nani?"

"Wa Domisiani."

Alikaa chini matutani, pale pale, akaweka mikono kichwani. Nilipiga magoti mbele yake bila kujua nimepigaje. Alikuwa yeye, Karorina, mke wa kaka mkubwa wa Baba. Alinishika masikio akanitazama puani, akasema pua ni ile ile.

"Mama Mkubwa," nikamwambia, "nitakuuliza la maana. Lakini kwanza niambie, kwa nini ninyi wawili peke yenu mnauita mto hivi?"

Akacheka kwa aibu, akafunika mdomo. Kisha akanyoosha midomo kuelekea majini. "Muulize yule."

Nikatazama. Katikati ya maji yalikuwa yamechomoza masikio mawili madogo na pua. Kiboko.

Mzee Leonsi ndiye aliyefumbua. "Mvubu!" alipaza sauti, akapiga paja. "Kwetu kiboko ni mvubu. Basi babu yako aliitwa Mvubu, mwarimu! Wakwe hawawezi kumtaja!"

Mimi babu nimemjua kwa jina la ubatizo tu, Yakobo, maana Mama hakuweza kunitajia jingine, na Baba hakubaki kunitajia. Nanyi mnaijua desturi yetu. Mke haliweki mdomoni jina la baba mkwe, wala neno lililokaa karibu nalo. Jirani yetu ambaye mkwe wake aliitwa Simba, si huwa anasema "yule wa porini" na sisi tunaelewa? Lakini nani angefikiri kwamba mto mzima, wenye mpaka na samaki na nafasi yake katika mtihani wa taifa, unaweza kuwa baba mkwe wa mtu? Ruvubu ulikuwa umembeba babu ndani yake. Kwa hiyo wake wa nyumba ile waliuundia jina lao, Nyakwoga, mahali pa kuogea, na mama yangu akalibeba jina hilo akivuka nami mgongoni. Ramani ingelipatia wapi?

Nikauliza sasa lile la maana. "Inosensia?"

Mama Mkubwa hakunikawiza. "Yuko hai."

Sikusikia vizuri, au nilisikia nikaogopa. Akarudia. Surua ilishuka, lakini njia ilikuwa imefungwa. Akamlea na wanawe. Ameolewa, ana watoto, na wa kwanza anaitwa Anastazia. Safari hii wote walipokimbia yeye alikataa kuvuka, kwa sababu mama mkwe wake hawezi kutembea na hakuna wa kumbeba.

"Kule," alisema, akaonyesha mlima wa tatu kwa nyuma, wenye ukungu. "Nilimwacha kule. Tangu nivuke sina habari yake."

Nilisimama ukingoni mpaka ukungu ukaondoka. Niliona migomba. Niliona kitu kama moshi, au labda lilikuwa wingu, sina hakika. Nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Nimekuwa nikiwafundisha watoto wenu kwamba mpaka ni faida mojawapo ya mto, na siku hiyo nilitamani mtu aje anifutie ubao.

Kurudi

Safari ya kurudi ilikuwa na kungoja kule kule na mihogo ile ile. Mama Mkubwa alikataa kula mbele ya watu garini, kwa sababu mtu mzima hatafuni njiani, na tulipofika alikuwa hoi kwa njaa. Nilimwambia Mama habari zote uani, yeye na Mama Mkubwa wamekumbatiana, wanasemezana wote kwa pamoja na hakuna anayesikiliza. Nilipotaja mjukuu aitwaye Anastazia, Mama aliingia ndani akakaa peke yake.

Jioni tulisali rozari kama kawaida, sasa Mama Mkubwa akiwa kati yetu. Tulipomaliza, Mama akaanza sala yake ya peke yake. Safari hii hakuomba pumziko. Alimwomba Mungu amlinde Inosensia na watoto wake na yule mama mkwe asiyeweza kutembea, walioko ng'ambo ya... hapo akasita. Tukangoja. Nilijua atakachosema, na Mama Mkubwa alijua, akawa tayari anaitikia kwa kichwa.

"Ng'ambo ya Ruvubu," Mama alisema, kwa sauti, neno zima.

Mama Mkubwa akashtuka akaweka kiganja mdomoni, kana kwamba limemtoka yeye. Mke wangu akaniangalia. Mama hakufungua macho.

"Mkwe wangu atanisamehe," alisema. "Mwanangu nilimwambia Nyakwoga, akaenda Rusumo. Mungu naye asije akapotea."